Chupa nne za waridi na bwawa lililokataa klorini

Aliyenipigia simu alikuwa keateka, si mwenye nyumba. "Dada, njoo uyaone haya maji. Yako safi kabisa, lakini dawa haikai." Nikamuuliza dawa gani. Akasema klorini, na sasa wameingia ndoo ya tatu ya kilo 5. Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba, nami nilikuwa Kileleshwa naosha filta ya bwawa la ghorofa fulani. Nikamwambia asiongeze hata kijiko, kesho yake ningefika Runda.

Nimetunza mabwawa ya Nairobi kwa miaka 11. Nilianza na wavu wa kuokota majani na brashi ya kusugua kuta, kabla sijaaminiwa na dawa. Maji ya kijani hayanipi shida sana moyoni, kwa sababu kila mtu anayaona kuwa yameharibika na hakuna mzazi atakayemruhusu mtoto aruke humo. Ninayoyaogopa ni maji yanayong'aa mpaka unahesabu vigae vya chini, kumbe hayana klorini hata chembe. Mtoto mmoja mwenye tumbo la kuendesha akiogelea humo, wenzake wote wamekunywa.

Bwawa la Runda lilikuwa hivyo hasa. Urefu mita 10, upana 4, kina cha wastani mita moja na nusu, yaani lita 60,000 hivi. Vigae vya buluu, hakuna jani, hakuna utelezi ukutani. Kwenye mdomo wa kurudishia maji kulikuwa na povu jepesi lililozunguka kidogo kisha likapasuka. Nikachota maji kina cha kiwiko, nikatia kidonge cha kupimia, nikatikisa. Penye klorini, maji hugeuka waridi. Hayakugeuka.

Hapa wengi hukimbilia kuongeza dawa, nami naomba mtu asifanye hivyo kabla ya kuhakikisha. Klorini ikiwa nyingi kupita kiasi huunguza rangi ya kidonge chenyewe, na kipimo kikabaki cheupe kana kwamba hakuna kitu. Nimeshaona bwawa likitiwa dawa siku tatu mfululizo kwa sababu ya sifuri ya uongo kama hiyo. Kwa hiyo nilichukua sehemu moja ya maji ya bwawa, nikaichanganya na sehemu tisa za maji ya chupa, nikapima tena. Cheupe. Nikatoa kile kichupa cha matone ya njano cha zamani. Cheupe vilevile. Basi ilikuwa sifuri ya kweli.

Jambo la pili lililonishangaza ni harufu. Bwawa linalokula klorini kwa sababu ya jasho na mkojo hunuka, ile harufu kali ambayo watu hudhani ni ya klorini nyingi. Jasho na mkojo vina naitrojeni, na klorini ikishikana nayo hutengeneza kloramini, ambazo ndizo zinazowasha macho. Hapa hapakuwa na harufu yoyote. Kitu kilichokuwa kinakula dawa ndani ya maji hayo hakikuwa na naitrojeni.

Nikamuuliza keateka mwaka wao ulivyokuwa. Akaniambia Mzee, mwenye nyumba, alisafiri mwisho wa Juni kwenda kuwaona wajukuu, akarudi mwisho wa Septemba. Pampu ilizimwa miezi hiyo, bwawa likafunikwa turubai. Katikati ya Septemba jamaa aliyekuwa akisafisha kabla yangu alifunua, akakuta ukijani umeanza, akatia mrututu, ile chumvi ya shaba, kuua mwani na shabu kukusanya uchafu, akavuta ule uchafu wa chini, maji yakang'aa. Kisha keateka akanyamaza. Akaangalia viatu vyake.

"Kuna kitu nilimwaga kwenye paipu. Lakini niliambiwa nimwage."

Akanipeleka stoo. Nyuma ya mashine ya kukatia nyasi kulikuwa na madumu manne matupu ya plastiki, kila moja lita 3 na nukta 8, na ndani ya kila dumu mabaki ya maji ya rangi ya waridi kama sharubati ya jamii ile wanayouza nje ya shule. Nilipoliinua moja mdomo ukawa unateleza kwenye vidole. Lilikuwa antifrizi, dawa ya kuzuia maji yasigande.

Nataka ieleweke kwamba kijana yule hakukosea. Aliagizwa kwa simu na mwajiri wake, akafuata hatua kwa hatua, na alipoulizwa alisema ukweli siku hiyohiyo. Mzee naye hakufanya ujinga. Ameishi Minnesota, Marekani, miaka 22, na alipohamia nyumbani madumu yale yalikuja kwenye kontena pamoja na vyombo vya jikoni. Huko alikotoka, anayefunga bwawa bila kuyalinda mabomba hukuta yamepasuka. Maji yakiwa barafu hupanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuupeleka upanuzi huo. Kwa hiyo msimu wa baridi ukikaribia wao hushusha maji chini ya midomo ya kurudishia, hupuliza mabomba kwa kompresa mpaka yakauke, huziba vizibo, na wengi humimina antifrizi ndani ya mabomba iwapo kuna maji yaliyobaki kwenye kona. Ni kazi ya busara kabisa mahali ambapo Januari hushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri.

Nairobi usiku wa Julai tunatetemeka kwa nyuzi 10 hivi. Sakitu tunaijua, huunguza viazi Kinangop na majani ya chai Limuru, lakini ni ya juu ya majani alfajiri, haifiki kwenye bomba lililofukiwa. Hapa Runda hakukuwa na kitu cha kuganda.

Kabla ya kufikiria klorini nilisoma karatasi ya dumu, na hili ndilo ningependa kila keateka alishike. Antifrizi si kitu kimoja. Ile ya mabwawa na mabomba ya maji ya nyumba hutengenezwa kwa propilini glikoli, ambayo hutumika hata kwenye vyakula na dawa za maji. Kulanti ya gari, ile ya kijani inayouzwa kila duka la vipuri, kwa kawaida ni ethilini glikoli, na hiyo ni sumu. Ina utamu, mbwa huilamba, na ikiingia mwilini huishia kuwa fuwele zinazoziba figo. Ingekuwa ndiyo iliyomwagwa, ningesema bwawa limwagwe lote na nisingejadiliana na mtu. Karatasi ilisema propilini glikoli, maji, daipotasiamu fosfeti na rangi. Nikapumua.

Kutokuwa sumu, hata hivyo, hakuifanyi iwe haina madhara kwa maji. Glikoli ni kaboni na haidrojeni na oksijeni, kwa klorini ni kuni kama kuni nyingine. Klorini haichagui kwamba huyu ni kijidudu na hii ni dawa ya bomba. Kila inachoweza kukiunguza inakiunguza, na ikiisha huko, hakuna inayobaki kumlinda mtoto. Bakteria nao wanaipenda glikoli, wanaila na kuzaana, kisha klorini inapewa kazi ya pili ya kuwaua hao walioshiba. Ile fosfeti, ambayo hutiwa kuzuia kutu, ni mbolea ya mwani. Bwawa hili lilikuwa halijarudi kijani kwa sababu tu mrututu wa yule jamaa ulikuwa bado majini. Shaba huzuia mwani vizuri, lakini haiui vijidudu kwa kasi ambayo bwawa la watu linahitaji. Ndiyo maana maji yalionekana mazuri huku hayana kinga.

Rangi ya waridi ilikuwa imetoweka ndani ya siku mbili, keateka alikumbuka. Hiyo nayo hupotosha, kwa kuwa rangi ndiyo hufa kwanza ikikutana na klorini. Glikoli yenyewe hubaki, haina rangi, haina harufu, na vifaa vyetu vya kupimia havina tone la kuionyesha.

Jioni ile Mzee alitoka nje, tukakaa kwenye viti vya kando ya bwawa. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali la haki: "Fundi, utajuaje si jua? Hapa jua ni kali kuliko kule." Ni kweli. Nairobi tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na klorini isiyo na dawa ya kuikinga na jua hupungua kwa nusu katika muda mfupi sana mchana. Jamaa wa awali alikuwa akitia dawa saa sita. Sehemu kubwa ya ndoo zile ilikuwa imepaa.

Jibu ni kupima usiku, kwa sababu usiku jua halina kisingizio. Saa mbili usiku nilikoroga klorini kwenye ndoo, maji kwanza halafu chembechembe, nikaizungushia bwawa lote pampu ikienda. Saa tatu nilipima: 6, kwa miligramu kwa lita. Nikalala kwenye chumba cha keateka, yeye akaenda kwa mlinzi getini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, nikapiga magoti na tochi ya simu. Kidonge kiliyeyuka polepole kikitoa uzi mwembamba wa waridi, uzi ukasambaa na karibu upotee. Haikufika 1. Bwawa lenye afya halipotezi zaidi ya 1 usiku mzima. Hili lilikuwa limepoteza zaidi ya 5 gizani, hakuna mtu aliyeogelea, hakuna jani lililoanguka.

Asubuhi nilimwandikia Mzee hesabu nyuma ya risiti, kwa sababu nilitaka aione mwenyewe. Madumu manne ni lita 15. Nilikadiria glikoli kuwa asilimia 30, hivyo kilo 4 na nusu hivi. Bomba la inchi mbili hubeba kama lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo yote ilikuwa imekaa kwenye mita saba au nane tu za bomba, ikingoja pampu iwashwe. Siku ilipowashwa, mkono wa valvu ulikuwa kwenye kuchuja, basi ikasukumwa bwawani yote kwa dakika chache. Sasa, gramu 1 ya glikoli, ikiunguzwa mpaka mwisho iwe maji na hewa ya kaboni, inaweza kumeza zaidi ya gramu 7 za klorini. Kilo 4 na nusu zinaweza kumeza kilo 33. Na chembechembe tunazonunua ni klorini asilimia 65, kwa hiyo ni kama kilo 50 za kutoka dukani.

Mzee aliiangalia ile 50 kwa muda. "Kwa madumu manne?"

Nikamwambia si lazima zifike zote, bakteria wanasaidia kula na si kila chembe huunguzwa mpaka mwisho. Lakini alielewa kwa nini ndoo mbili zilizotiwa saa sita mchana hazikuonekana.

Alipendekeza tutie shabu tena. Wateja wengi hupendekeza shabu, na ninaelewa, kwa sababu matokeo yake yanaonekana kwa macho. Shabu hukusanya vumbi linaloelea likawa zito likazama. Glikoli haielei, imeyeyuka kabisa kama sukari kwenye chai. Shabu haiwezi kuikamata, na mchanga wa filta hauioni. Zimebaki njia mbili, kupunguza maji au kuunguza. Mimi nilichagua zote mbili, nusu kwa nusu, kwa sababu kumwaga bwawa zima katika mji unaopewa maji kwa zamu kunanisumbua dhamira, na kuunguza yote kungeacha maji mazito kwa chokaa ya zile chembechembe.

Tukamwaga lita 30,000 kwa siku tatu, polepole, kwenye nyasi za upande wa juu. Si mtoni. Nyuma ya nyumba zile kuna kijito, na yule jamaa wa kwanza alikuwa anaelekeza huko hata maji ya kuoshea filta. Mrututu huua samaki kwa kiasi kidogo. Glikoli nayo, bakteria wakiila ndani ya mto, huvuta oksijeni ya maji. Viwanja vya ndege vya nchi za baridi hunyunyizia ndege glikoli hiyohiyo kuondoa barafu, na hulazimika kuyadhibiti maji yanayotiririka kwa sababu hiyo. Nyasi na udongo huvumilia zaidi, vijidudu vya udongo vinaila na kuimaliza.

Kujaza kulichukua muda zaidi. Maji ya kaunti yalikuja siku mbili kwa wiki, tukaongeza bauza mbili. Kisima cha jirani kilikuwepo, lakini maji ya visima vingi vya Nairobi yana magadi mengi, pH, yaani kipimo cha uasidi, iko juu tangu mwanzo, na klorini hufanya kazi vibaya pH ikipanda. Nusu ya asidi ningeimaliza kupigana na kisima. Maji ya bomba ya kutoka bwawa kubwa la Ndakaini ni laini, ni rahisi kuyapanga.

Halafu siku 11 za kazi ya kurudiarudia. Pampu usiku na mchana. Kila jioni baada ya jua kuzama klorini inapandishwa mpaka 10, kila alfajiri inapimwa. Asidi siku tatu tofauti, kwa mkono wangu mwenyewe na upande wa pili wa bwawa, kamwe si ndoo moja wala saa moja na klorini, maana zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Nilimfundisha keateka kupima na akawa mwangalifu kuliko watu niliofanya nao kazi miaka. Alinitumia namba kila alfajiri, na bado ninazo kwenye simu. Asubuhi ya kwanza, kutoka 10 ilibaki 3. Ya tatu, 4. Ya nne, 4 tena, nikaanza kuwa na wasiwasi. Ya sita, 6. Ya nane, 7 na nusu. Ya kumi na moja alinitumia sauti badala ya maandishi: "Dada, tisa na nusu. Nimepima mara mbili." Povu lilikuwa limeisha siku mbili kabla.

Kwa jumla tulitumia kilo 14 za chembechembe baada ya kumwaga nusu. Tukaiacha klorini ishuke yenyewe hadi 3, nikatia dawa ya kuikinga na jua, na Desemba wajukuu walikuja. Nilipita siku moja kuangalia skima nikawakuta wanne majini, mdogo kabisa ana maboya ya mikono na anayameza maji kama chai. Nilipima mbele yao. Ilikuwa 2 na nusu. Nikakaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Mwezi wa Mei Mzee alinipigia. Bintiye bado anakaa Minnesota, ana bwawa, na kila mwaka wakifungua hutumia wiki mbili na pesa nyingi za klorini kabla maji hayajatulia. Miaka yote walidhani ni majani ya msimu wa baridi. Angeweza kunirekodia maelezo amtumie?

Nilirekodi nikiwa stejini ya Ruaka, kelele za makanga nyuma. Nilimwambia antifrizi aendelee kuitumia, kule inahitajika. Asichunguze rangi bwawani, aizuie kabla haijafika. Kabla pampu haijawashwa, mkono wa valvu uwekwe kwenye kumwaga, siyo kuchuja, na mabomba ya kuvuta yamwagwe nje mpaka waridi iishe. Na asisahau mabomba ya kurudishia, kwa maana yale yako baada ya valvu, kumwaga hakuyagusi. Maji yakiwa bado yako chini ya midomo ile, atoe kizibo kimoja kimoja, aweke mashine ya kufyonza maji mdomoni, avute mpaka itoke safi. Akiacha hayo, ameacha karibu nusu ya antifrizi.

Baada ya siku tano Mzee alinitumia video. Mama kijana ndani ya koti, nyasi bado zina rangi ya majani makavu, theluji chafu kidogo kivulini mwa uzio, na bomba linatema maji ya waridi kwenye ndoo nyeupe. Anaimwaga, anaweka tena, anasubiri. Ndoo ya nne inatoka safi. Chini ya video kulikuwa na namba mbili tu: usiku 4, asubuhi 3.6.